Umelalaje? Patanjali na Mizunguko ya Akili

Mtu akitajwa kwamba "ana mawazo", hakuna Mswahili anayedhani amesifiwa kwa kufikiri. Maana yake hali vizuri, usingizi unamruka, huitwa mara mbili ndipo aitike. Lugha yenyewe imeshayaweka mawazo karibu na maradhi.

Patanjali angeielewa kauli hiyo bila mkalimani. Yapata miaka 1,600 iliyopita huko Bara Hindi, mtunzi aliyebeba jina hilo alikusanya Yogasutra, kitabu cha kauli fupi ziitwazo sutra, na sutra ya pili tu inaeleza yoga kuwa ni kuituliza mizunguko ya akili. Kisanskriti huiita mizunguko hiyo vritti, neno lenye mzizi wa kugeuka na kuzunguka.

Atakayekifungua kitabu hicho akitafuta namna ya kusimama kwa kichwa atakifunga kwa hasira. Kati ya sutra 195 (nakala nyingine huhesabu 196), zinazozungumzia mkao wa mwili ni 3 tu, na hazidai mengi kuliko uimara na raha ya kukaa. Mikao mingine ilikuja na vitabu vya baadaye vya hatha, yaani yoga ya mwili, na mingi ya ile inayofundishwa leo ilipata sura yake karne ya 20: T. Krishnamacharya aliifundisha katika kasri la Mysore miaka ya 1930, na mwanafunzi wake B. K. S. Iyengar akaitawanya duniani kwa kitabu cha picha, Light on Yoga, mwaka 1966. Hakuna ubaya. Ila mkeka ndio uliopata umaarufu, na akili, iliyokuwa shabaha, ikasahaulika pembeni.

Mizunguko ni mitano: ujuzi sahihi, kosa, maneno matupu, usingizi na kumbukumbu. Kwenye usingizi ndipo msikilizaji yeyote makini huinua mkono. Aliyelala fofofo anazungusha nini? Mfafanuzi wa kale, ambaye mapokeo humwita Vyasa, anajibu kwa jambo linalosemwa kila nyumba alfajiri. Mtu akiamka husema amelala vizuri, au amelala vibaya na kichwa ni kizito. Anakumbuka. Na kama anakumbuka, basi kulikuwa na kitu akilini usiku kucha. Kwa hiyo salamu ya "umelalaje?" ni swali la kifalsafa, ingawa aliyeiuliza anasubiri tu chai.

Minne iliyobaki huonekana vizuri zaidi kwenye simu. Mtu ametuma ujumbe saa mbili usiku. Tiki mbili zimegeuka bluu, jibu hakuna. Kwamba ujumbe umefunguliwa, huo ni ujuzi sahihi. "Amenidharau" ni kosa, au angalau ni shitaka lisilo na shahidi. Kumbukumbu nayo inajileta: hata kwenye ile arusi hakunisalimia. Ikifika saa nne, hotuba nzima imeshatungwa kichwani pamoja na majibu ya upande wa pili, na hiyo ndiyo vikalpa, maneno ambayo nje yake hakuna kitu. Asubuhi jibu linaingia: samahani, simu alikuwa nayo mtoto. Orodha ya Patanjali haimzuii mtu kuyapitia hayo yote, lakini inamwezesha kujua yuko kituo gani kabla hajapiga simu ya ugomvi.

Hapa pana deni la ukweli la kulipa. Patanjali hakuandika ili watu walale vizuri au wasigombane na mashemeji. Shabaha yake ilikuwa kaivalya, yaani ile nafsi inayotazama kujitenga kabisa na maumbile, akili ikiwemo. Anayechukua sehemu ya njia hiyo kwa maisha ya kawaida anaazima, na ni adabu akijua kwamba ameazima.

Waazimaji wenyewe si wa jana. Al-Biruni, mwanazuoni Mwislamu aliyezaliwa Khwarezm mwaka 973, alikitafsiri kitabu cha Patanjali kwa Kiarabu pamoja na ufafanuzi wake, akakipanga kwa maswali na majibu. Nakala ya mkono ilipatikana Istanbul, na Hellmut Ritter akaichapisha mwaka 1956. Al-Biruni alibaki na dini yake, na Wahindi akawaacha waseme yao kwa utaratibu.

Katika yote aliyoyatafsiri, inayoingia mitaani kwa urahisi ni sutra ya 33 ya sehemu ya kwanza. Inataka urafiki kwa mwenye raha, huruma kwa mwenye dhiki, furaha kwa mtenda mema, na kutojishughulisha na mwovu. Faida inayoahidiwa ni ya mwenye kufanya: akili yake itatakata. Ajabu ni hilo la kwanza. Kumhurumia mwenye dhiki si kazi kubwa. Tatizo ni jirani aliyeezeka nyumba. Wafafanuzi wa baadaye walisema waziwazi kwamba urafiki huo ni dawa ya husuda.

Anayeijaribu dawa hiyo mara ya kwanza huenda atasema "hongera" huku roho inamuuma. Patanjali hakudai zaidi kwa siku moja. Mazoezi, anasema, hushika mizizi yakifanywa muda mrefu bila kukatizwa. Kesho mtu huyo atapita tena mbele ya nyumba ileile, na mabati yatakuwa bado yanang'aa.