Vijana, Tovuti Zetu Zinawaacha Watu Nje: Mazungumzo ya Semina ya Tabora

(Mada hii ilitolewa kwenye semina ya vijana wa chama, Tabora Mjini. Tumeiacha karibu kama ilivyosemwa.)

 

Ndugu mwenyekiti wa vijana mkoa, viongozi mliotoka Uyui, Sikonge, Urambo, Kaliua, Nzega na Igunga, na ninyi wenyeji wa hapa mjini. Nimepewa nusu saa nizungumzie "vijana na fursa za mtandaoni". Mada kubwa mno hiyo, waandaaji mnisamehe. Nitaipunguza mpaka ibaki tovuti moja tu, ya kikundi chetu cha bustani. Niliitengeneza mimi mwenyewe, na niliikosea.

Kikundi chetu ni watu tisa. Tunauza miche ya miembe, michungwa, mipapai na miti ya kivuli, tunapanda ukoka, tunapogoa michongoma, tunafyeka majani kwenye viwanja vya watu. Zamani bustani ya Tabora ilikuwa ya masika. Ikifika Agosti kila kitu kimekauka. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike huku, watu wanataka maua mpaka kiangazi. Kazi ikaongezeka, tukasema tuwe na tovuti. Nikajifungia wiki nzima. Picha kubwa kubwa za maua, maandishi ya kijani cha ndimu, bei zote kwenye picha moja niliyoipamba kweli kweli, na fomu ya kuagiza. Wenzangu walishangilia. Mimi mwenyewe nilikuwa naifungua usiku naitazama tu.

Mwezi wa pili nikapigiwa simu na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye macho yake yalipotea akiwa bado kazini. Namba yetu alipewa na jirani yake. Nikamwambia shikamoo mwalimu. Akaitikia, halafu akaniambia: "Mwanangu, duka lenu halisemi. Nagusa, simu inaniambia 'picha'. Nagusa tena, 'picha'. Nagusa mara ya tatu, 'kitufe hakina lebo'. Mmeandika nini humo?"

Alikuwa anataka miche kumi na miwili ya miembe. Nikasema, mwalimu usihangaike, nitakusomea bei sasa hivi. Akanijibu, na hili ndilo lililonileta hapa leo: "Sikukupigia unisomee. Mjukuu wangu angenisomea. Nataka niijue bei mwenyewe, kabla sijaongea na muuzaji."

Jamani, fikirieni hapo. Mimi muuzaji ndiye ninayemtajia bei, na mimi huyo huyo ndiye ninayebishana naye bei. Nikimwambia elfu nne badala ya elfu tatu, atajuaje? Ninyi wote mkienda sokoni mnapita kwanza, mnatazama, mnauliza meza ya pili, ndipo mnarudi. Yeye nilikuwa nimemnyima hicho.

Jioni ile nikawasha TalkBack kwenye simu yangu. Ipo kwenye simu nyingi za Android, ni bure, inasoma kwa sauti kilicho kwenye skrini. Nikajifunga macho kwa kitambaa, nikaingia kwenye tovuti niliyoitengeneza mwenyewe. Dakika ishirini sikuifikia bei. Nikafungua kitambaa nikiwa nimeona aibu.

Sasa niwaeleze kilichoharibika. Programu ya kusoma skrini haina macho. Inasoma maandishi yaliyomo ndani ya ukurasa. Ukiandika "Mwembe, shilingi 3,000" kama maandishi, inasoma. Ukiyaandika maneno hayo hayo juu ya picha, kwake mara nyingi ni picha tu, sawa na picha ya mbuzi. Bei zangu zote zilikuwa kwenye picha. Namba ya simu ilikuwa kwenye picha. Ndiyo maana mwalimu alilazimika kuipata kwa jirani.

Dawa yake ya kwanza ni kutoa bei kwenye picha na kuziandika. Dawa ya pili ni maandishi mbadala, yaani maneno machache unayoyaambatanisha na picha: hayaonekani kwa anayeona, ila simu humsomea asiyeona. Hapa watu wengi huandika ili mradi. Wanaandika "picha ya mti". Haimsaidii mtu. Mimi siku hizi naandika hivi: "Mche wa mwembe uliounganishwa, unafika magotini, kwenye mfuko mweusi." Hapo mteja amejua ananunua nini. Na picha ambayo ni pambo tu, mstari wa maua pembeni, iachwe bila maneno kwa makusudi, isimpotezee muda.

Hili si geni katika mji huu. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe, mamia ya wapagazi kwenye mstari mmoja mrefu. Wa nyuma hamwoni kirangozi. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba kwenye njia panda, waliotangulia waliziba njia isiyo yenyewe kwa matawi, au walichora mstari chini kwa mguu, ili wanaofuata wasipotee. Hakuna aliyesema wa nyuma wajijue.

Kosa jingine lilikuwa dogo mno hata naona haya kulitaja. Kiolezo cha tovuti nilikichukua bure mtandaoni, na ndani yake kilikuwa kimejitangaza kwamba ukurasa ni wa Kiingereza. Basi mashine nyingine zikikutana na Kiswahili changu zinakisoma kwa ulimi wa Kiingereza. Jaribuni kusema "miche ya miembe" kama Mwingereza asiyejua tunaongea nini. Marekebisho yake ni herufi mbili: unafuta "en", unaweka "sw". Kiswahili kina sauti yake kwenye simu hizi, tusiinyime kazi.

Fomu nayo. Niliandika "jina lako" ndani ya kisanduku, maneno ya kijivu yanayopotea ukianza kuandika. Juu ya kisanduku hakuna lebo. Na mwisho nikaweka lile fumbo la kuthibitisha kwamba wewe si roboti: chagua picha zote zenye taa za barabarani. Asiyeona athibitishe vipi? Na ndugu zangu wa Sikonge, taa za kuongozea magari kwenu mmeziona lini? Nililitoa siku ile ile.

Kuhusu rangi nitasema kidogo, ila si jambo dogo. Kanuni za kimataifa za tovuti, zile za W3C, toleo la 2.2 lililotoka 2023, zinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijani changu cha ndimu juu ya nyeupe hakikufika hata nusu yake. Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, na sisi wa magharibi na Kanda ya Ziwa tunajua ndugu hawa wamepitia nini. Siwezi kusimama jukwaani nikatetea usalama wao, halafu kwenye biashara yangu nikawaandikia bei wasizoweza kuzisoma.

Halafu viziwi. Tabora ndipo palipoanzishwa shule ya kwanza ya viziwi nchini, mwaka 1963. Tuna pia Shule ya Furaha ya wasioona. Yaani kama kuna mji wa Tanzania ambao hauna kisingizio, ni huu. Na mimi kwenye tovuti nimeandika: "Kwa oda, piga simu." Basi. Sasa tumeweka ujumbe mfupi na WhatsApp pia, na yule asiyejua kusoma anatuma sauti. Mwenye kitochi hana habari na tovuti kabisa, huyo tunampelekea orodha ya bei kwa ujumbe wa kawaida.

Nilipozipunguza zile picha, ukurasa ulioshuka kwa bando la megabaiti 18 ukawa chini ya moja. Aliyefurahi zaidi hapo ni dereva wa bodaboda mwenye macho mazima.

Kazi yote ilinichukua Jumamosi mbili. Fedha, sifuri. Hata ile programu ya kompyuta, NVDA, niliyoitumia kupima, ni ya bure; aliyeianzisha mwaka 2006 ni kijana wa Australia, Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni.

Kuna kaka ameniuliza hapo nje: wasioona Tabora wako wangapi, kaka, mpaka tuhangaike? Sensa ya 2022 ilisema asilimia 11.2 ya Watanzania wa miaka saba na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Hiyo ni zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi. Tungekuwa tunapata kura hizo kirahisi, nadhani kaka asingeuliza.

Sheria ipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tuliuridhia 2009, Ibara yake ya 9 inataja habari na mawasiliano waziwazi. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ni ya 2010. Na kila mwaka halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Sasa angalieni matangazo ya mikopo hiyo yanavyosambazwa huko mitandaoni. Mengi ni picha ya karatasi yenye muhuri. Zile asilimia mbili zinatangazwa kwa namna ambayo wenyewe hawawezi kuzisoma mpaka wapate wa kuwasomea. Tukiandika barua za kudai mikopo itolewe kwa haki, mstari mmoja udai kwamba maandishi yenyewe yawekwe chini ya picha.

Lakini kabla ya barua hiyo, tujitazame. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotaka mwenye blogu alipe ada ya maombi shilingi 100,000, leseni milioni moja, na milioni nyingine kila mwaka, tulipiga kelele, na tulikuwa na haki. Mei 2025 mtandao wa X ulipozimwa, tulipiga kelele tena. Milango hiyo walitufungia wengine. Huu mwingine tumeufunga wenyewe. Juzi nimepitia matangazo kumi ya mwisho ya jumuiya yetu ya vijana. Tisa ni picha: nembo juu, maneno katikati, saini chini. Nyaraka zetu ndefu ni karatasi zilizopigwa picha zikaitwa PDF. Mwalimu wangu wa miembe ni mtu wa siasa, anasikiliza bunge kuliko sisi wote humu. Aliniuliza ilani yetu inasemaje kuhusu pensheni. Nilikosa cha kumjibu, kwa sababu nakala niliyokuwa nayo simu yake isingeweza kuisoma.

Miche alichukua, kumi na miwili. Bei alipunguziwa kidogo, alibishana sana.

Sasa muda uliobaki tuutumie kwa vitendo. Toeni simu. Mwenye Android aende kwenye mipangilio, atafute ufikivu, awashe TalkBack. Kutelezesha kidole kulia ni kusonga mbele, kugusa mara mbili ni kufungua. Kuzima, nendeni pale pale mlipowashia. Simu nyingi ukishikilia vitufe viwili vya sauti kwa pamoja kama sekunde tatu inazima pia. Jueni hilo mapema, kuna mtu semina iliyopita alirudi nyumbani simu inamsemesha usiku kucha.

Fungueni ukurasa wa jumuiya yetu, tangazo la mwisho kabisa. Fumbeni macho. Dada wa Sikonge, tuanze na wewe: tuambie kikao kijacho ni tarehe ngapi na kinafanyika wapi.