Daftari la Mtoto
(Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya hekalu letu, Tanga)



Tumeombwa tuseme machache juu ya elimu. Sisi wenye maduka hatukusoma sana. Wengi wa rika letu tuliishia kidato cha nne, tukaingia dukani. Basi tutasema kwa lugha tuliyoizoea, nayo ni lugha ya daftari.

Kila Diwali hufanyika ibada ya Chopda Pujan. Madaftari mapya ya hesabu huwekwa mbele ya Lakshmi, mwenye kuleta neema, na Saraswati, mwenye kuleta elimu. Majirani zetu Waswahili walikwisha kulisema hilo kwa maneno yao: mali bila daftari hupotea bila habari. Usiku, duka likiisha kufungwa, baba zetu walitukalisha tukajumlisha mauzo ya siku. Ilipokosekana shilingi moja, hawakutugombeza, walisema tu, "Itafuteni." Wala tarakimu iliyokosewa hatukuruhusiwa kuifuta. Tuliipiga mstari mmoja, ili ibaki ikionekana, na iliyo sahihi ikaandikwa juu yake.

Hayo tuliyajua, lakini tulipofungua ukumbi huu jioni kwa watoto wa mtaa wafanye kazi zao za nyumbani, tuliyasahau. Tangu Januari 2016, ada ilipofutwa katika shule za umma hadi kidato cha nne, madarasa mengi yamefurika, na mwalimu hawezi kumfikia kila mtoto. Nyumbani nako, familia nzima huenda ina chumba kimoja na taa moja. Tukaweka meza na taa. Kisha, kwa mazoea ya biashara, tukaweka na zawadi: kila aletaye ukurasa uliokamilika apewe kalamu mpya.

Haukupita mwezi, kurasa zote zikawa zinakamilika. Tulifurahi, mpaka jioni moja tulipokuta madaftari 19 yameandikwa kwamba 7 mara 8 ni 54. Kosa lilikuwa la mtoto mmoja, wengine walilinakili. Tulikuwa tumenunua kurasa, hatukununua elimu.

Siku zile zile bibi mmoja jirani, muuza maandazi, alifika mlangoni. Mjukuu wake alikuwa ameacha kuja, nasi tukauliza kisa. Akajibu, "Wazee wangu, mtoto asema kwenu anayenakili hupewa kalamu, na anayejaribu mwenyewe hurudi mikono mitupu." Hatukuwa na la kujibu. Binti yule alikuwa akiacha hesabu pale alipokwama, kwa kuwa hakutaka kunakili. Nasi tulimpita kila jioni tukimdhania mvivu.

Kesho yake tulikwenda kwao tukamwomba radhi mbele ya bibi yake. Kwa watu wenye mvi, kumwomba radhi mtoto wa darasa la tano si jambo jepesi. Lakini dawa ya deni ni kulipa. Alirudi baada ya wiki mbili.

Zawadi tuliziondoa. Sasa tunauliza swali moja tu: "Umepataje?" Aliyekosa huonyesha alipopotea, aliyepata humweleza mwenzake, na hakuna kinachofutwa. Mara nyingine huwapa hesabu za dukani: gunia la mchele la kilo 50, chenga zikitoka kilo 2, kilo moja iuzwe kiasi gani ili tusile hasara? Mwanzoni idadi yao ilipungua, maana wapo waliofuata kalamu. Waliobaki hubishana juu ya gunia hilo mpaka mlinzi aanze kutikisa funguo.

Wazazi wenzetu, kazi ya nyumbani si adhabu, wala si ya kufanywa na mama ili mwana asifiwe. Mtoto alisikialo darasani huanza kumtoka mapema. Kulitafuta tena kichwani mwake, peke yake, ndiko hulikaza. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kumwambia mwanawe, "Nieleze ulichojifunza leo," kisha akasikiliza. Mtoto anayesikilizwa hupata hamu ya kujua zaidi, na hamu hiyo haiuzwi katika duka lolote, nasi tuliojaribu kuinunua ndio mashahidi.

Diwali ijayo tunaomba madaftari ya shule ya watoto wa hekalu yawekwe kando ya yetu, pamoja na makosa yake yaliyopigwa mstari. Watoto wa dini nyingine hatuwaiti katika ibada. Meza zao zi pale pale, na taa zao zitawaka.