Methali si Hukumu

Somo: Ezekieli 18:1-20



Leo tuliangalie neno tunalolitumia kila siku: methali. Neno hili lilitujia kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni mfano, kitu kinachofanana na kingine. Ndiyo maana twasema, "Alikimbia mithali ya swala." Katika Kiebrania cha Biblia liko neno la ukoo uleule, mashal, nalo hutumika kwa misemo ya wenye hekima na hata kwa mafumbo ya manabii.

Mfano hukuonyesha jambo, kisha hukuachia wewe kupima. Wazee wetu walisema, "Haraka haraka haina baraka." Wazee haohao walisema, "Ngojangoja huumiza matumbo." Je, walijipinga? Hasha! Mwenye mgonjwa mahututi usiku haambiwi ile ya kwanza, na kijana anayetaka kuoa msichana aliyemjua juzi haambiwi ile ya pili. Hata kitabu cha Mithali, sura ya 26, mstari wa 4 wakataza kumjibu mpumbavu, na wa 5 waagiza ajibiwe. Ni juu yako kuutambua wakati.

Sasa sikilizeni jambo lililonipata. Jumuiya yetu hapa Bura ilikutana kumchagua mweka hazina. Likatajwa jina la kijana mmoja, mtu wa kazi, asiye na deni dukani. Mzee mmoja akakohoa, akasema polepole, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Kila mtu alielewa, maana baba wa kijana aliwahi kufungwa kwa wizi. Hakuna aliyejibu. Mimi nami nilinyamaza, nikaandika jina la mwingine. Kijana alikuwa benchi la nyuma, akitazama mikono yake. Jumapili iliyofuata hakuonekana kanisani, wala ile ya pili.

Ndipo nikakifungua kitabu cha Ezekieli. Waisraeli waliokuwa uhamishoni Babeli walikuwa na methali yao: kwamba baba wakila zabibu kali, meno ya watoto ndiyo hupata ganzi. Haikuwa methali ya kijinga. Baba akiuza shamba, watoto hukosa pa kulima. Sote twalijua hilo. Lakini watu wale waliigeuza kuwa hukumu, kana kwamba mtoto amekwisha kuhesabiwa dhambi kabla hajatenda neno. Mungu akaapa kwa uhai wake kwamba methali hiyo isitumike tena katika Israeli. Kisha akaeleza habari ya mtu mwovu aliyezaa mwana. Mwana akayaona matendo ya baba yake, asiyafuate. Huyo, asema Bwana, ataishi.

Nyoka huzaa nyoka, ni kweli. Lakini nyoka hawezi kumtazama baba yake akasema, "Mimi sitauma." Binadamu aweza. Hapo ndipo mfano unapokoma.

Nilikwenda kwa kijana yule kumwomba radhi. Akanikaribisha, akanipa kiti, akasema, "Mwalimu, maneno ya mzee nimeyazoea tangu shuleni. Kunyamaza kwako ndiko sikukuzoea."

Ndugu zangu, misheni ya Bura ilifunguliwa mwaka 1892. Babu zetu walisikia hapa kwamba kwa Bwana mtu hupewa mwanzo mpya. Je, sisi twampa jirani mwanzo huo, au twamfungia mlango kwa methali? Juma hili, kabla ya kutamka msemo juu ya mtu, jiulize: ninamwonyesha njia, au ninamhukumu? Nawe ukisikia mwingine akihukumiwa hivyo, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.

Tuombe. Ee Bwana, utupe hekima ya wazee wetu pamoja na huruma yako. Uwarudishe nyumbani kwako wote tuliowafukuza kwa maneno, na wale tuliowafukuza kwa kimya chetu. Amina.