Insulini Bila Friji: Usiitupe, Usiiache
Mazungumzo ya mhudumu wa afya, Bukoto, Kampala



Leo nazungumza na wenye kisukari wanaojidunga insulini, pamoja na jamaa zao. Hapa Bukoto nyumba nyingi zina umeme. Kule kwenu kambini friji ni shida. Basi wengine hudhani dawa imeharibika kwa joto, wakaitupa. Wengine huenda zahanati kila siku kudungwa, na siku miguu ikishindwa, wanakosa dawa. Hatari iko hapo: mtu ambaye mwili wake hautengenezi insulini kabisa, akiikosa anaweza kufa kwa siku chache.

Sasa sikilizeni. Katika kambi ya Dadaab, Kenya, Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walipima joto la ndani ya makazi: kati ya nyuzi 25 na 37. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva wakaweka insulini katika joto la namna hiyo kwa wiki 4. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: nguvu yake ilikuwa sawa na ile iliyokaa kwenye baridi.

Kwa hiyo, fanya hivi:

1. Chupa ambazo hazijafunguliwa zibaki katika friji ya zahanati. Nyumbani weka ile unayotumia tu.

2. Tafuta vyungu viwili vya udongo. Weka kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, umwagie maji asubuhi na jioni. Funika kwa kitambaa kibichi. Weka kivulini penye upepo. Maji yanapokauka huondoa joto.

3. Tia chupa katika mfuko usiopitisha maji, kisha ndani ya chungu kidogo.

4. Andika tarehe ya kuifungua. Wiki 4 zikiisha, irudishe zahanati hata kama dawa imebaki.

5. Isipigwe na jua, isikae karibu na moto. Iliyoganda barafu haifai tena.

Ukitetemeka, ukitoka jasho na kuona kizunguzungu, sukari imeshuka. Kunywa mara moja maji yenye vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari, kisha ule.

Siku ya chakula haba, usiamue peke yako kuacha sindano. Muulize muuguzi kipimo. Jirani asiyejua kusoma, msomee karatasi hii.