*MTO MSIMBAZI TUUFUNGULIE DAFTARI*

_Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye kikao cha wanachama. Yanatumwa kwa wote, hasa waliokosa nafasi ya kufika._



Kila masika tunalalamika: maji meusi, harufu, watoto wanaharisha. Ni kweli. Lakini tukiulizwa lini, wapi na kiasi gani, tunabaki kutazamana. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Msimbazi, tangu vilima vya Pugu hadi baharini pale Selander, nao ni mali yetu.

Kikundi chetu cha kujitolea kitapima maji Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, saa moja asubuhi, katika vituo vitatu visivyobadilika: juu kabla ya nyumba zetu, darajani, na chini baada ya bustani za mboga. Kituo kimoja kitakuambia maji ni machafu. Vitatu vitakuonyesha uchafu umeingilia wapi. Saa isibadilike, kwa sababu joto na hewa ndani ya maji hubadilika jua likipanda. Mvua ya jana yake nayo iandikwe.

*Tutapima nini?*
1. Joto la maji.
2. Uchachu, kwa karatasi za kubadilika rangi.
3. Weupe wa maji, kwa mrija mwangavu.
4. Dalili ya kinyesi, kwa chupa yenye karatasi ya dawa. Ikigeuka nyeusi ndani ya siku moja hadi tatu, ni dalili mbaya.

Chupa hiyo haitoi idadi. Idadi hutoka maabara. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi yasizidi vijidudu 1,000 vya kinyesi katika mililita 100. Kwa hiyo chupa ikigeuka nyeusi, sampuli ipelekwe maabara.

Kila ukurasa usainiwe na watu wawili. Kosa likatwe kwa mstari mmoja, lisifutwe.

Sasa niseme lililo gumu. Wapo kati yetu wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha. Wapo wanaoosha magari ukingoni. Namba zikituangukia sisi wenyewe, zitaandikwa vilevile. Daftari linaloficha upande mmoja haliaminiki hata upande wa pili.

Wenzetu wa mchicha tutakaa nao kwanza, kabla ya matokeo kutoka. Wao ndio watakaokosa wateja, na uchafu mwingi unawafikia ukitokea juu. Wasisikie habari zao sokoni.

Matokeo yatakwenda Serikali ya Mtaa, Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu na NEMC. Hayatakwenda jukwaani. Wa vyama vingine wakaribishwe kupima nasi. Maji machafu hayaulizi kadi.

Tusidhani ni kazi bure. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilipeleka Jiji Mahakama Kuu kwa sababu ya dampo, na mahakama ikaamuru umwagaji taka ukome. Hoja zao zilisikilizwa kwa sababu walizipeleka panapohusika.

Nahitaji watu sita, wawili kila kituo, wenye glavu na mabuti ya mpira. Watoto wasije majini. Majina niletewe kabla ya Ijumaa.



*Katibu wa Tawi*