Tiara ya Stimu na Mkono wa Mfanya Kazi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mombasa)



Sisi tunaopita Mji wa Kale twajua jambo moja. Chini vichochoroni hewa imesimama na jasho latutoka. Juu darini nguo zilizoanikwa zapigwa na kusi mpaka zataka kung'oka. Upepo wa juu una nguvu kuliko wa chini, maana hauzuiwi na nyumba wala miti. Na upepo ukizidi mwendo mara 2, nguvu yake huzidi mara 8.

Basi wako mafundi waliofikiri hivi: badala ya kujenga mnara, tufunge mtambo kwa kamba tuurushe kama tiara ya watoto. Kampuni ya Makani ya Marekani ilitengeneza tiara yenye mabawa ya mita 26 na mapangaboi 8. Tiara huzunguka angani, na stimu hushuka kwa waya uliomo ndani ya kamba. Mwaka 2019 iliruka juu ya bahari ya Norway. Mwaka 2020 wenye fedha waliiacha kazi hiyo. Wengine wangali wanajaribu.

Kwetu Kenya upepo umekwisha kutiwa kazini kwa minara. Huko Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, iko mitambo 365. Ilikwisha kusimamishwa mwaka 2017, lakini ikangoja nyaya za zaidi ya kilomita 400 mpaka 2018. Tena mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile hazikupatikana kwa njia ya sheria. Upepo ni wa bure, ndugu. Ardhi, nyaya na mikono ya watu si vya bure.

Wazee wetu wa reli waliochochea moto wa gari la moshi waliijua kazi yao barabara. Ilipokuja dizeli, moto ukazimwa na kazi ile ikaisha. Mtambo hauna kosa. Kosa ni mfanya kazi kuarifiwa mambo yamekwisha.

Kwa hiyo mtambo mpya ukija, wa mnara au wa kamba, tuulize mapema: Nani atafundishwa? Anayeshika kamba akiumia, atalipwa nini? Ardhi ni ya nani? Tuulize kabla meli haijatia nanga Kilindini.

Tiara huruka juu, lakini huongozwa na aliye chini.