Nani Atapima Udongo Wetu?
Hotuba ya kamati kwa mkutano mkuu wa mwaka, Dodoma

 

Mikutano yetu imezoea habari za visima, madawati na paa la zahanati, na hizo hatuziachi. Ila mwaka huu kamati imeona tumzungumzie mwanafizikia wa nyuklia. Wapo watakaouliza: fizikia ya nyuklia na mkulima wa uwele, wapi na wapi?

Jibu liko chini ya miguu yetu. Katika mbuga za Bahi na upande wa Manyoni kuna madini ya urani. Kampuni ya Kijerumani ya Uranerzbergbau ilipita nchini ikiyatafuta kati ya mwaka 1978 na 1982, na bei ilipopanda miaka ya 2000 watafutaji wengine wakarudi. Mgodi haujafunguliwa kwetu. Sasa, kabla haujafunguliwa, ndio wakati wa kupima.

Mionzi haionekani wala hainuki. Udongo wote duniani unayo kiasi, kutokana na urani, toriamu na potasiamu. Wastani wa dunia kwa urani ni takriban bekereli 35 katika kilo moja ya udongo. Binadamu wa kawaida hupata milisiviti 2.4 kwa mwaka kutoka katika vitu vya asili peke yake. Kwa hiyo hatuulizi kama mionzi ipo. Tunauliza ni kiasi gani shambani, kisimani na kwenye majaruba ya mpunga. Likijibiwa leo, tutakuwa na kitu cha kulinganishia kesho. Tukiuliza baada ya mgodi kuanza, kampuni itasema mionzi hii ni ya asili, mwanakijiji atasema mmeileta ninyi, na hakuna atakayekuwa na ushahidi mkononi.

Wapo waliokwisha kuianza kazi hii. Profesa Najat Kassim Mohammed wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameifanya kwa miaka mingi pamoja na wenzake. Mwaka 2013, yeye na Mohamed Mazunga walichapisha vipimo vya udongo na maji ya kijiji cha Likuyu, jirani na urani ya Mkuju kule Ruvuma. Mwaka 2015 jarida la Tanzania Journal of Science likatoa vipimo vya Bahi yetu. Mwaka 2023, Farida Lolila na Mazunga, wa Chuo Kikuu cha Dodoma, wakachapisha vya Manyoni. Kazi yenyewe ni ya subira. Udongo huchotwa, hukaushwa, husagwa na kuchekechwa, kisha hufungwa kwenye chombo kisichopitisha hewa kwa takriban wiki nne, ili gesi ya radoni isitoroke na hesabu itulie. Ndipo mashine huhesabu.

Je, dunia humpimaje mtu wa kazi hii? Humpima kwa kunukuliwa. Kila mtafiti mwingine anapoitaja makala yako ndani ya yake, unahesabiwa moja. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California alipendekeza kipimo kiitwacho h: ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa mara 10 au zaidi, h yako ni 10. Vyuo vingi hutazama hesabu hizo wanapompandisha mtu cheo.

Kipimo hicho si kibaya, maana humtofautisha anayesomwa na asiyesomwa. Lakini tazameni kinavyotuacha sisi. Makala za mwaka 2012 kutoka CERN, Geneva, kuhusu chembe ya Higgs zimenukuliwa maelfu kwa maelfu, kwa kuwa wanafizikia wa dunia nzima wanaitafiti chembe hiyo. Udongo wa Bahi unatafitiwa na wachache. Makala yake haiwezi kupata hesabu ya namna hiyo hata ikiandikwa kwa uhodari wote. Kijana mwenye akili anayetafuta cheo atavutwa kwenda kule kwenye wasomaji wengi, na hatutamlaumu. Lakini kwa mama anayechota maji Bahi, makala ile yenye wasomaji wachache ndiyo yenye thamani.

Basi tusingoje dunia ituone. Anayeweza kuchagua udongo huu hata kama haumwongezei hesabu ni mtoto aliyelelewa juu yake. Mtoto huyo yuko darasani leo, na wengi wa namna yake huacha fizikia mapema kwa sababu wanaisoma ubaoni tu, bila kugusa hata ammita.

Kamati inaomba mambo matatu. Kwanza, mchango wa vifaa vya maabara ya fizikia kwa sekondari zetu, kuanzia na zile zisizo na kitu. Pili, ada na nauli kwa vijana wetu, wasichana na wavulana, wanaochukua fizikia kidato cha tano na kuendelea. Tatu, na hili halihitaji fedha nyingi: tuwaalike watafiti waje kusoma matokeo yao kwenye mikutano ya vijiji, kwa Kiswahili na Kigogo. Vipimo vimeandikwa kwa Kiingereza, na mwenye udongo hajavisikia.

Mwenye ng'ombe atoe ng'ombe, mwenye gunia la mtama atoe gunia, mwenye mshahara atoe ahadi na aitimize. Kisima tulichimba ili tunywe. Sasa tumsomeshe atakayetuambia kilichomo ndani ya maji hayo.